Gari Lililoitwa Mafiga

Siku yangu ya kwanza karakana nilipewa ovaroli iliyoshonwa kwa mtu mwenye mabega mapana kama mlango. Niliikunja mikono, nikaikunja na miguu, nikaibana kiunoni kwa kipande cha khanga, nikatoka nje kujitambulisha. Hakuna aliyecheka mbele yangu. Walisubiri nipite kwanza.

Mliponiaga nilipostaafu, ninyi mafundi wa karakana, mlisema niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Vyeo vilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaandikia zaidi habari za gari moja la magurudumu matatu kutoka Kinyangiri, kwa sababu wengi wenu mmelisikia kwa watu waliosikia kwa watu, na kila anayelisimulia analiongezea kitu. Wiki iliyopita nimeambiwa lilikuwa linapaa.

Mimi ni mtoto wa mjini Singida. Baba alikuwa na duka la mafuta ya alizeti karibu na soko, na bibi yangu mzaa baba alitoka pwani, kwa hiyo nyumbani kwetu tulikula wali kwa nazi ya kuagizwa na kuzungumza Kinyaturu na majirani. Mama alitaka niwe karani. Nilipomwambia nimesomea ufundi wa magari na nimepangiwa karakana ya serikali, aliuliza kama huko kuna mahali pa kukaa. Nikamwambia hakuna, watu wanalala chini ya magari.

Aliyenipokea ni Mzee Ntandu, Mnyaturu wa Mgori, mfupi, mpole, mwenye vidole vifupi vilivyofika mahali ambapo spana haifiki. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba, akanipa nyundo ndogo.

"Fumba macho," akasema.

Nikafumba. Akagonga chuma mara moja, akagonga kingine.

"Kipi kimechomelewa vizuri?"

Cha kwanza kililia kama kengele ya shule. Cha pili kililia kama sufuria yenye ufa. Nikamwambia cha kwanza. Akaniambia nifumbue macho nianze kazi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ile, na kusema kweli kwa siku nyingi baadaye yalikuwa ni hayo hayo, kila mara kwa chuma kingine.

Kazi yetu ya kawaida ilikuwa kutengeneza magari ya serikali. Lakini askari wa usalama barabarani walipokutana na chombo wasichokielewa, walikileta kwetu tukipime na kuandika kama kinafaa barabarani au hakifai. Wakati wa uhaba, vyombo vya namna hiyo vilikuwa vichache, maana hata tairi lilitoka kwa kibali. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Biashara zikafunguliwa, injini za mitumba zikaanza kupangwa barabarani kama nyanya, na kila mwanamume aliyewahi kuota anatengeneza gari lake akagundua kwamba sasa anaweza kununua vyuma.

Mzee Ntandu alikuwa na swali moja kwa magari ya namna hiyo. Mwenye gari angewasha, angepiga honi, angezunguka uwanjani akitabasamu. Mzee angemwacha amalize, halafu angemwambia, "Naona linakwenda. Sasa niambie, likigonga, wewe unakwenda wapi?" Wengi walipiga honi tena. Walikuwa hawajalifikiria gari lao kama kitu kinachoweza kugonga.

La kwanza kulipima mimi mwenyewe lilikuwa la mjomba Salim, mfanyabiashara wa vitunguu, ndugu wa mbali wa mama. Kaka yake aliyekuwa Uarabuni alimtumia gari ndani ya masanduku. Lilikuwa jekundu, bodi yake ya faiba nyepesi kama beseni, na ndani ya sanduku mlikuwa na kijitabu cha kuelekeza namna ya kuliunga, kwa lugha ambayo Singida nzima hapakuwa na wa kuisoma. Mjomba aliliunga kwa kutazama picha, nyuma ya ghala la vitunguu. Alipolileta, alikuja pia na ndoo iliyojaa bolti.

"Hizi je?" nikamuuliza.

"Hizo zimebaki. Nimeziweka akiba."

Mzee Ntandu aliitazama ile ndoo kwa muda mrefu, halafu akatazama gari, halafu akaenda kunywa chai. Niliandika kwamba halifai. Mjomba alinuna, akaliendesha hivyo hivyo kwenda sokoni, pole pole, akakutana na punda aliyekuwa amebeba maji. Punda aliendelea na safari. Uso wa gari ulibaki barabarani vipande vipande, na kwa kuwa lilikuwa peke yake nchini kwa kadiri tulivyojua, hapakuwa na mahali pa kupata uso mwingine. Likawa banda la kuku. Kuku hawakuwahi kulalamikia breki.

Nacheka ninapoandika, lakini lile gari lilinifundisha jambo. Landrova ikiwa na kasoro, mtaiona kwenye Landrova kumi zilizotangulia. Kuna mtu alishagonga nayo, kuna fundi alishaikagua, na kiwanda kilisharekebisha. Gari ambalo lipo moja tu, wa kwanza kuijua kasoro yake ni yule aliyemo ndani.

Ndipo akaja Elia.

Elia Msengi alikuwa fundi wa mashine za kusaga, Mnyiramba wa Kinyangiri, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisani kwao. Wakati ule huko kote kulikuwa wilaya ya Iramba; Mkalama haikuwa imezaliwa, na Nduguti ambako leo kuna maofisi kulikuwa na mnada na vumbi. Askari walimkamata Elia mnadani, wakamwelekeza kwetu. Alifika akiendesha kitu ambacho mbele kilikuwa pikipiki, nyuma kilikuwa gari la Pijo lililokufa, na katikati kilikuwa benchi. Injini ilitoka kwenye mashine ya kusaga, nayo ililia vile vile, hata watu wa mtaa wakatoka na mahindi.

Pembeni, kwa rangi nyeupe, aliandika MAFIGA.

Aliyeketi kwenye benchi ni mke wake, Mama Neema, mhudumu wa afya katika zahanati ya kijiji. Alishuka, akakung'uta vumbi, akanipa mkono. Yeye ndiye aliyeomba gari litengenezwe. Mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza mama mmoja aliyeshindwa kujifungua, akiwa juu ya baiskeli, akisukumwa na mumewe kwenda hospitali. Alinieleza kwa maneno machache na hakurudia tena. Toka Elia alipomaliza Mafiga walishawafikisha hospitali wagonjwa kadhaa, na kijiji kizima kilikuwa kinalipenda.

Nililala chini yake juu ya gunia na nyundo yangu. Uma wa pikipiki, yaani vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, ambao ulitengenezwa kubeba mtu mmoja au wawili, ulikuwa umebebeshwa ukoo. Tangi la mafuta lilikaa juu ya magoti ya dereva. Bomba la usukani lilikuja moja kwa moja kifuani kama mkuki. Benchi lilifungwa kwa waya. Baadhi ya sehemu zilizochomelewa zililia kama kengele, nyingine zililia kama ile sufuria. Nilipotoka, Elia alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Kaka Elia, hili litaanguka."

"Haliwezi. Chungu kinakaa kwenye mafiga matatu, umewahi kuona kinaanguka?"

"Chungu hakikati kona," nikamwambia.

Alimgeukia mke wake wakasema kwa Kinyiramba. Mimi nilijua Kinyaturu, kwa hiyo nilipata sauti tu, lakini nilielewa kwamba sikusifiwa. Kisha akaniambia kwa Kiswahili kwamba watu wa mjini ni adui wa maendeleo ya kijiji.

Mzee Ntandu, ambaye alikuwa akisikiliza huku anafuta spana, akasema, "Basi twende tulijaribu. Wewe endesha mwenyewe."

Tukalipeleka uwanja wa mpira nyuma ya karakana. Tulijaza magunia mchanga, na Mama Neema akatuonyesha kila mtu huwa anakaa wapi. Hapa mgonjwa. Hapa ndugu wa mgonjwa. Hapa mimi mwenyewe, namshika mgonjwa. Tukayafunga magunia kwa jinsi watu wanavyojishikilia, yaani kidogo sana. Elia tulimvika kofia ya pikipiki ya tarishi na kumfunga kiunoni kwa kamba kwenye chuma cha kiti, ingawa alisema ni aibu. Nikachora duara kwa majivu. Nikamwambia azunguke mwendo wa baiskeli, na nikipunga mkono ashike breki.

Alizunguka vizuri. Hata alianza kuimba. Nikapunga.

Mafiga liliinama mbele upande wa nje, gurudumu moja la nyuma likaacha ardhi, likalala taratibu kama ng'ombe anayetafuta kivuli. Halikufanya kishindo kikubwa. Magunia ndiyo yaliyofanya kishindo. Elia alibaki ananing'inia kwenye kamba, mzima, kofia imemfunika macho, injini bado inasaga.

Tulikimbia kumfungua na kuzima injini. Mama Neema hakukimbia. Alitembea hadi kwenye gunia lililoruka mbali kuliko yote. Lilikuwa limepasuka na mchanga unatoka.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe," nikamjibu.

Akalitazama. "Elia," akasema, "nimemwagika."

Elia alivua kofia. Alikuja akasimama kando yake, akaanza kuurudisha mchanga ndani ya gunia kwa viganja, kama vile ingesaidia. Hakuniita tena adui wa kitu chochote.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Nikachukua kalamu niandike kwamba halifai. Mama Neema akanifuata.

"Dada, umetuonyesha linavyoanguka, nakushukuru. Sasa nina mama pale kijijini, mtoto wake amekaa vibaya tumboni. Uchungu ukimshika, nimpakie kwenye nini? Mkokoteni wa ng'ombe?"

Nilimtazama Mzee Ntandu, naye akanitazama kama anayesubiri nigonge chuma.

"Kuandika halifai ni nusu ya kazi," akasema. "Hiyo nusu nyingine sijui kama utaiweza, lakini mimi nina nafasi saa za jioni."

Mkuu wa karakana alisema yeye haoni chochote, mradi hicho asichokiona kikae nyuma ya ghala. Ndivyo tulivyoanza. Elia alihamia kwa binamu yake Singida mjini, na kila jioni hadi jua lilipozama tulikuwa wanne: yeye, mzee, mimi, na Mafiga limelala ubavu.

Tuligombana kila siku. Kwanza nilitaka magurudumu mawili yawe mbele na moja nyuma, kwa sababu gari likishika breki uzito wote unakimbilia mbele, na huko ndiko linakohitaji miguu miwili ya kusimamia. Elia alisema gari litaonekana linatembea kinyumenyume. Nikamwambia bora lionekane kinyumenyume kuliko lionekane limepinduka. Alikubali baada ya kulifikiria siku mbili. Tulichukua ekseli nyepesi ya mbele ya gari dogo bovu, tukaipanua. Injini tukaishusha chini, karibu na ardhi. Tangi tukalihamishia nyuma ya fremu na kulizungushia chuma. Bomba la usukani tukalikata na kulivunja mara mbili kwa viungio vya msalaba, vile vinavyopinda kila upande, ili likisukumwa likunje kiwiko badala ya kuingia kifuani mwa mtu. Hilo lilikuwa wazo la mzee. Elia alilitazama, akaligusa, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe na chuma kinaweza kufundishwa adabu."

Kwa mgonjwa tuliweka machela iliyokaa chini, si juu, yenye vyuma pembeni kama kitanda cha mtoto. Mikanda ya kumfunga ilikuwa kazi ya Elia peke yake. Alileta mikanda mipana ya mashine za kusaga, ile inayozunguka siku nzima bila kukatika, akaishona kwa uzi wa viatu na kuitia vifungo vya chuma. Mmoja kifuani, mmoja mapajani, na mwingine kwa mhudumu. Na mwingine, baada ya ugomvi mfupi sana, kwa dereva.

Katikati ya kazi hiyo ikaja habari kutoka Kinyangiri kwamba yule mama ameshikwa na uchungu, na wamempakia kwenye mkokoteni. Siku ile Elia hakungoja jioni. Alichomelea, alipiga msasa, alichomelea tena. Jioni ikaja habari nyingine kwamba amefika na amefanyiwa upasuaji, yeye mzima na mtoto mzima, isipokuwa ng'ombe mmoja alikuwa hoi. Elia aliketi chini kwenye vumbi akacheka hadi machozi. Mzee Ntandu alimletea maji na kumwambia apumzike, kwa sababu alichochomelea siku ile chote kilikuwa cha kurudia. Na tulirudia chote.

Tulipolipeleka tena uwanjani, nilipunga mkono, na Mafiga likasimama limenyooka. Nikamwambia aongeze mwendo. Likasimama. Tukamwambia akate kona mbaya kabisa awezayo. Gurudumu la ndani lilinyanyuka kidogo, likafikiri, likarudi chini. Mama Neema, ambaye alikuwa amesafiri kuja kuangalia, akahesabu magunia yake kwa macho. Yote yalikuwa mahali pake.

Niliandika kwamba linafaa, nikaweka masharti hadi karatasi ikajaa. Libebe wagonjwa tu. Lisiende kwa mwendo wa kasi. Barabara kuu lipite tu pale ambapo halina njia nyingine. Kila baada ya masika lije tulipime. Niliyasoma mara mbili kabla ya kutia saini, kwa kuwa nilijua halikuwa gari la kiwanda, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kugonga nalo akarudi kutuambia.

Lilifanya kazi miaka kadhaa. Siku za mnada wa Nduguti kina mama waliliomba libebe kuku. Mama Neema aliwauliza kuku gani ana uchungu. Watoto walilipenda kwa sababu lilionekana kweli linarudi nyuma. Mzee Ntandu alistaafu akarudi Mgori kwenye mizinga yake ya nyuki, na mimi nikabaki na nyundo yake.

Kisha, asubuhi moja ya masika, askari alikuja karakana akaniambia lile gari linalotembea kinyumenyume kama kaa limegonga.

Nilipanda Landrova na dereva, na njiani nilikuwa naona gunia lililopasuka tu. Ilikuwa upande wa Iguguno, pale njia inaposhuka kuingia korongoni. Lori la vitunguu lilikuwa limechukua barabara yote kwenye kona yenye utelezi. Elia alikuwa na nafasi ya kuchagua lori au ukingo, akachagua ukingo.

Mafiga lilikuwa limekita pua kwenye udongo mwekundu. Magurudumu ya mbele yalikuwa yametawanyika, moja lilikuwa korongoni kabisa. Watu hawakuwepo, yule yule dereva wa lori alikuwa amewapakia na kuwakimbiza hospitali ya misheni. Mwanakijiji mmoja mzee alikuwa analilinda.

"Shikamoo baba. Wamepona?"

"Marahaba. Watatu walipakiwa wakiwa wanazungumza," akasema. "Halafu nasikia walishuka wanne."

Sikuelewa. Nililala chini kwenye matope nikafanya kazi niliyoijua. Fremu ya mbele ilikuwa imejikunja kama karatasi, na pale ilipokunjika ndipo kishindo kilipoishia. Usukani ulikuwa umepiga goti kwenye viungio vyote viwili, umelala pembeni ya kiti. Tangi halikuwa na hata mkwaruzo. Mikanda ya machela ilikuwa imefunguliwa kwenye vifungo kwa mkono wa mtu, hakuna uliokatika. Niliigusa mmoja mmoja. Halafu nikaketi ukingoni, kwenye matope, na kulia kidogo, na yule mzee kwa adabu akageuka kuangalia korongo.

Hospitalini nilimkuta Elia amefungwa mguu, umeinuliwa kama mlingoti. Mfupa wa paja. Mama Neema alikuwa na bandeji kichwani na anafanya kazi wodini kana kwamba ameajiriwa pale.

"Na mgonjwa wenu?" nikauliza.

"Alijifungua ndani ya lori, juu ya vitunguu," akasema Mama Neema. "Mtoto wa kike. Mama yake hana malalamiko ila moja. Anasema khanga yake imeingia grisi, na Elia atailipa."

Elia alinivuta mkono. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu. "Dada Zuhura. Usukani ulifanya nini?"

"Ulikunja kiwiko."

Akafumba macho. Akaweka kiganja juu ya kifua chake, pale ambapo lile bomba la zamani lingeingia, akakiacha hapo. "Nilikuona umeharibu usukani wangu," akasema. "Siku ile mlipoukata nilisifu kwa mdomo tu. Mama Neema alipokuja uwanjani nilimwambia, hawa wanaharibu."

"Najua. Ulisema kwa Kinyiramba, lakini sauti niliipata."

Mama Neema akacheka hadi muuguzi mkuu akachungulia.

Kijiji kilichangishana kulitengeneza tena, na hapo nikapata kazi ngumu kuliko zote. Nilienda Kinyangiri kuwaambia kwamba haiwezekani. Fremu iliyokunjika ikanyooshwa huonekana nzima, lakini chuma kimeshachoka ndani. Siku nyingine hakitakunjika, kitavunjika. Mafiga lilikuwa limejitoa mara moja na halikuwa na mara ya pili. Mkutano haukunifurahia. Mfanyabiashara mmoja kutoka Nduguti alisimama akasema basi yeye atalinunua lilivyo, atalinyoosha mwenyewe, abebee abiria siku za mnada.

Nilijua hapo sina nguvu. Lilikuwa mali ya Elia. Wote tukamgeukia. Alikuwa ameketi mbele, magongo yamelazwa kando.

"Abiria wangapi?" akamuuliza.

"Wanaotosha," mfanyabiashara akajibu.

Elia akajiinua kwa magongo. "Nikikuuzia wewe, kila siku ya mnada nitakuwa nasikiliza kama kuna watu wanalia," akasema. "Mimi bado naimba kwaya. Sitaki kusikiliza hivyo."

Akaomba msumeno wa chuma. Alikata fremu pale pale, ameketi kwenye kigoda, mguu mbovu umenyooshwa, na alipochoka Mama Neema akapokea, na alipochoka nikapokea mimi. Watu walisimama mpaka ikawa vipande. Michango waliyokuwa wamekusanya waliiongeza, na kanisa na msikiti wakaongeza, na baada ya muda wakapata pikapu ya mitumba iliyotoka kiwandani, yenye wenzake maelfu barabarani. Elia aliitia mikanda kabla haijabeba mtu yeyote.

Tangu hapo vilikuja vyombo vingi vya nyumbani karakana. Nilivipima vyote, vingi nikavikataa, na wenye navyo nikawaambia waje jioni. Wengine walikuja. Hakuna hata kimoja kilichobeba jina zuri kama lile. Kisha bajaji zikafika mjini, na wakubwa wenye kumbukumbu wakaniuliza kwa nini tulisumbuka vile. Nilikuwa chini ya gari; niliendelea kugonga.

Nawamalizia na jambo la mwezi uliopita, nikiwa nimeshastaafu. Nilikwenda stendi nimevaa nguo ya kwendea arusi ya mpwa wangu, na viatu vya kisigino. Abiria wa gari moja la kwenda Nduguti walikuwa wamesimama nje, wamefumbata mikono, na dereva anazunguka gari lake akilalamika kwamba wanachelewa kwa sababu ya babu mmoja anayejifanya mkaguzi. Nikaona miguu miwili inatokeza chini ya gari, mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake, soksi za kanisani.

Nikainama. Elia alikuwa amelala chali kwenye kipande cha boksi, mvi zimejaa vumbi, anagonga springi kwa kokoto.

"Kaka Elia, habari," nikamwambia.

Alinigeuzia uso bila kushangaa hata kidogo. "Afadhali umekuja," akasema. "Ingia usikilize hii. Mimi naona inalia kama sufuria."

Dereva alinitazama nguo, akatazama viatu, akaanza kusema mama usisumbuke. Nikampa mkoba anishikie, nikaingia uvunguni.